Piesi mpya za Zambia na za majirani: tuzikamate sasa wakati zinatembea bado (uzi ya bale banachunga sarafu)

MutotoWaKamalondo (Lubumbashi)

Bandugu na badada, jambo yenu bote. Nafungua hii uzi juu ya bale banachunga piesi na bale banatamani kuanza lakini habajue pa kuanzia. Neno yangu iko moja na nitairudilia mpaka mutachoka: piesi mpya kamata wakati inatembea, wakati mama wa soko anakurudishia mabaki (chenji) bila hata kuiangalia. Ukingojea miaka kumi utainunua kwa mutu aliyekamata mapema, na bei atakayokuambia ni ya kwake.

Inchi ya karibu kabisa na sisi huku L'shi (Lubumbashi) ni Zambia, na Zambia imebadilisha makuta (pesa) yake yote. Tarehe 31 mwezi wa 3 2025 Benki Kuu yao ilitoa noti mpya na piesi mpya kwa pamoja. Piesi ziko sita: ngwee 5, ngwee 10, ngwee 50, kwacha 1, kwacha 2 na kwacha 5. Muangalie vizuri hizi mbili za mwisho. Kwacha 2 na kwacha 5 zilikuwa noti, bote tuliopita ku mpaka wa Kasumbalesa tunazijua zile noti, zimelegea, zimechafuka, zina harufu ya samaki. Sasa bamezitoa ku karatasi bamezitia mu chuma, juu noti ndogo inapita mu mikono mingi, inachanika haraka, benki inachapa tena na tena, lakini piesi inaweza kutembea miaka na miaka.

Ile seri (kundi ya piesi) ya zamani ilianza kutembea tarehe 1 mwezi wa 1 2013, siku ile Zambia ilifuta sifuri tatu, kwacha 1000 ikakuwa kwacha 1. Ilikuwa na ngwee 5, ngwee 10, ngwee 50 na kwacha 1 tu, na utakuta zimeandikwa 2012 juu balizichapa mapema. Hizi za zamani na hizi mpya zilipangiwa kutembea pamoja mwaka moja tu, mpaka tarehe 31 mwezi wa 3 2026, kisha za zamani zitoke. Donke niko nawaambia, ule mwaka njo ulikuwa mwaka wa kukamata seri mbili kwa bei ya mabaki ya soko. Hautaona tena nafasi kama ile karibu na nyumba yako.

Namna ya kufanya: usiende kwa kambisti (mubadilisha makuta), kambisti hapendi piesi, ni nzito na mfuko wake iko na kazi ingine. Zungumuza na bamama banavuka kwenda Chililabombwe ya Zambia kuuzisha na kununua. Bale banarudi nazo chini ya kitambaa na hakuna mutu huku L'shi anazipokea, hata mkate haununui nazo. Ukibadilishana nao falanga za Kongo kwa bei ya haki banafurahi kabisa. Chagua zile zinangaa, hazina mikwaruzo, na kamata mbili mbili, moja ya kuchunga na moja ya kubadilishana na benzako.

Shofere_wa_Kopa (Kasumbalesa)

Mukubwa umesema kweli, lakini usisahau kusini zaidi. Sisi tunaoshuka mpaka Afrika ya Kusini tunaona vitu. Bale balitoa seri mpya mwaka 2023, na hakuna sura ya mutu ndani, ni viumbe vya inchi yao tu: senti 10 iko na nyuki, senti 20 iko na mshubiri, senti 50 ndege mwenye mabawa mekundu wa pale Knysna, randi 1 swala wao wa springboki, randi 2 ua ya protea, randi 5 nyangumi na mutoto wake. Na za zamani hazikufutwa, zinatembea pamoja na mpya, kwa hiyo mu mabaki ya kununua chai ku parkingi ya malori unaweza kupata randi 5 ya Mandela ya 2008, miaka yake 90, ama ile ya 2018 ya miaka 100. Mimi nazichunga zile mu kopo ya maziwa ndani ya kabini.

Kuko tena kitu moja ambayo bengi habaoni. Jina ya inchi haiandikwe na luga moja. Mwaka huu inaandikwa Kizulu, mwaka ule Kisotho, Kivenda, Kitsonga. Piesi inafanana lakini maandishi inabadilika. Ukiwa mtu wa mpango unaweza kutafuta luga zote.

MutotoWaKamalondo

Yaya (kaka) Shofere asante sana, hii ya luga njo utamu wenyewe! Na uongezee zile randi 2 tano za 2019, balizitoa kwa kukumbuka miaka 25 ya demokrasia, kila moja iko na haki yake: ya batoto, ya masomo, ya kutembea na kukaa popote, ya dini, ya mazingira. Zile zilitembea sokoni kama piesi zote, hazikufungwa mu boksi ya kioo. Njo kumbukumbu napenda mimi: ile mwenye kuuzisha mboga anaishika bila kujua ni ya ukumbusho. Kama umebaki na yoyote mbili mbili unitafutie, niko na kwacha 5 mpya za kubadilishana.

MamaKivu_Goma

Jambo baba zangu. Miye niko Goma. Mnaongea piesi, piesi, na sisi Kongo yetu hatuna hata moja ya kutembea! Huku tunatumikishaka dolari na falanga, na tangu benki zilifungwa mwezi wa kwanza 2025 noti za falanga zimechakaa, zingine zimeshonwa na skochi, duka inakupatia bombo (pipi) mahali pa mabaki. Ninaulizaka kila siku, kwa nini Kongo haina piesi? Batoto yangu banajua piesi juu ya Gisenyi ya Rwanda tu.

MutotoWaKamalondo

Mama, hii swali iko ya maana, nitaijibu kwa urefu, munivumilie.

Kongo ilikuwa na piesi na zilikuwa za kupendeza. Tangu Leopold II, mufalme wa Ubelgiji, mwaka 1887, kulikuwa piesi za mukuba (shaba nyekundu) za santime zenye tundu katikati, na za feza za falanga. Wakati wa vita ya 1940, Ubelgiji ilikuwa mu mikono ya Wajerumani, haikuwezekana kuchapa kule, basi mwaka 1943 falanga 2 za Kongo zilichapwa Philadelphia, Marekani. Iko ya shaba ya njano, pembe sita, tembo anatembea. Balizichapa milioni 25, kwa hiyo mpaka leo inapatikana, na mutu anayeanza nitamwambia aanze na ile. Mwaka 1944 kukakuja falanga 50 ya feza, tembo tena, hii ilichapwa Pretoria, milioni moja tu, na hii si ya mutu wa kuanza.

Kisha uhuru. Mwaka 1967 Mobutu alileta zaire, zaire 1 ilikuwa makuta 100 na ilibadilishwa kwa falanga 1000. Kukakuwa piesi ya sengi 10 yenye chui, nyepesi sana juu ni aluminiyo, likuta 1 (likuta ni moja, makuta ni mingi), makuta 5 yenye kichwa cha Mobutu. Mu miaka ya 1970 kukakuja makuta 10 na makuta 20. Bazee betu balinunua sigara na ndizi na zile piesi. Kisha bei zikaanza kupanda. Piesi ya mwisho mwisho ni zaire 1 na 5 za 1987 na zaire 10 ya 1988, na zile hata hazikutembea vizuri, juu wakati piesi inafika sokoni bei imeshaipita. Piesi inataka makuta yenye kusimama. Kama leo makuta 20 inanunua mkate na mwaka kesho hainunui hata kiberiti, chuma yenyewe inakuwa na bei kuliko namba iliyoandikwa juu, na serikali inaacha. Mwaka 1993 kukakuja zaire mpya, ikaanguka. Mwezi wa 6 1998 kukakuja falanga ya leo, moja ikabadilishwa kwa zaire mpya 100 000, na hata santime 1 ilikuwa noti! Mu inchi yenye mukuba mingi hivi chini ya miguu yetu, santime moja ikachapwa ku karatasi. Hii inaniuma kabisa, nasema wazi.

Yule mwenye kutaka kumbukumbu ya inchi yetu ya kutembea, akamate noti ya falanga 500 ya 2010, ya miaka 50 ya uhuru. Ni noti, si piesi, lakini ilitoka kwa watu wa hapa na iliingia mu mifuko ya hapa.

Bukavu_Nguba

Ndugu hapo mwisho sikubali yote. Kongo iko na piesi za ukumbusho mingi sana. Miye niliona ku intaneti falanga 10 za feza, za wanyama, za mashua, za Papa Jean Paul, na zimeandikwa kabisa République Démocratique du Congo. Nilinunua pia moja ya gorila, onsi moja ya feza, nzuri kupita zote ulizosema. Kwa nini hauzihesabu? Mutu anachunga kitu chenye kumpendeza.

MutotoWaKamalondo

Ndugu wa Bukavu, umeleta mabishano yenye nilikuwa nangojea. Mbele ya yote, angalia ile gorila yako, imeandikwa falanga ngapi na ya nani? Kama iko falanga 5000 za CFA, ile ni ya Brazzaville, Kongo ile ingine, ilianza 2015. Bauzishaji banaandika Congo tu na mutu wa Bukavu anafikiri ni gorila wa mbuga ya Kahuzi-Biega. Soma maandishi yote mbele ya kulipa.

Kwa zile za kwetu kabisa, ni kweli ziko, na mingi. Falanga 10 za feza, tena santime 25 na 50 za 2002 zenye simba, twiga, gorila, kipepeo, na falanga 1 za 2004 za Papa. Lakini nakuuliza, nani mu soko ya Kadutu alishaishika moja? Hakuna. Zilichapwa ngambo kwa kuuzishwa kwa bachungaji ba piesi ba ngambo, jina ya inchi yetu iko juu kama ruhusa. Feza yake iko ya kweli, kazi ya kuchora iko nzuri, siikatazi. Ukiipenda ichunge. Lakini usiipange mu kurasa moja na falanga 2 ya 1943, juu ile ya 1943 ilinunua chumvi.

Mama Kivu atanielewa kwa mufano ya Rwanda. Avuke Gisenyi, anunue kitu, watamrudishia falanga 50 yenye muhindi (mahindi) juu, ile ya 2003. Kisha afungue intaneti ataona falanga 50 ya Rwanda ingine, onsi nzima ya feza, gramu 31, seri ilianza 2008 na gorila wa mulima, kila mwaka munyama mwengine, na inatoka kwa bauzishaji ba Ujerumani. Namba ni ileile, falanga 50, inchi ileile. Moja iko inanunua kitu Gisenyi, ingine hakuna mutu wa Gisenyi alishaiona.

MamaKivu_Goma

Kumbe! Hizi za muhindi niko nazo mu nyumba kopo nzima, na za 10 zenye mugomba. Na ile ya 100 yenye rangi mbili ya 2007 batoto banaipenda sana. Nitaanza kuzipanga leo jioni.

Mchapo_Kigoma

Wakuu naomba kuingia, niko Kigoma ng'ambo ya ziwa. Huu uzi umenikuna. Huku kwetu sarafu ya 500 ilitoka 2014, upande mmoja Mzee Karume na upande mwingine nyati, na ukiigeuzageuza kwenye mwanga kuna maandishi yanabadilika. Watu wengi wanazitumia tu hawaangalii. Majirani Uganda walitoa ya shilingi 1000 mwaka 2012, miaka 50 ya uhuru, ina yule ndege wao korongo mwenye taji, na ile ni ya ukumbusho lakini inatembea kabisa dukani, yaani inaingia kwenye msimamo wako mkuu wa kumbukumbu inayotembea. Kenya nao Desemba 2018 walibadilisha zote, twiga kwenye 1, kifaru kwenye 5, simba kwenye 10, tembo kwenye 20, kwa sababu Katiba yao ya 2010 inakataza sura ya mtu yeyote kwenye pesa. Kwa hiyo ile shilingi 40 ya 2003 yenye Kibaki, ya miaka 40 ya uhuru, haitajirudia kwa namna ile. Ukiiona kamata.

Swali langu mimi ni usafi. Nina sarafu za zamani zimekuwa nyeusi, nilitaka kuzisugua kwa limau na majivu, zitang'aa?

MutotoWaKamalondo

Ndugu wa Kigoma, tafazali, nakuomba kwa mikono mbili, USISUGUE! Limau iko na asidi inakula uso wa metale, majivu inakwaruza, utapata piesi inangaa kama kifungo cha koti na hakuna mutu mwenye kujua ataitaka tena. Ule weusi na ule ukahawia ni umri wa piesi, unaufunika na kuulinda, ukiutoa haurudi. Kama kuko udongo, maji ya kawaida na sabuni kidogo ya maji, vidole pole pole, kisha kausha kwa kitambaa laini kwa kugusisha tu bila kusugua. Kama uchafu hautoki, uache.

Na kushika, shika ku ukingo. Jasho ya vidole inaacha alama na mukuba mpya inaonyesha alama mbio sana. Kuchunga, epuka ile plastiki laini yenye harufu kali kama mpira mpya, baada ya miaka inatoa kitu ya kunata ya kijani juu ya piesi. Bahasha ndogo ya karatasi isiyo na asidi inatosha, kila piesi peke yake, unaandika mbele ya kuitia ndani: inchi, mwaka, mahali uliipata. Yaya Shofere ile kopo ya maziwa ndani ya lori ninaiogopa, zinagongana njia yote mpaka Durban!

Shofere_wa_Kopa

Haha umenishika. Nitanunua bahasha. Lakini nambie, namna gani mutu anajua piesi ni ya metale gani kama hana mashini?

MutotoWaKamalondo

Sumaku, yaya, na mizani ndogo ya bauza dawa ama bauza zahabu. Piesi za siku hizi nyingi ni chuma iliyopakwa mukuba, shaba ya njano ama nikeli juu, zile za Zambia za 2012 zinashikwa na sumaku. Feza haishikwe. Mutu akikuletea piesi ya feza ya 1944 na sumaku inaivuta, murudishie na umusalimie.

BintiYaKenya_Lshi

Jambo bakubwa. Mi siko muchungaji wa piesi, niko nasoma tu, nakaa mu komini Kenya ya huku L'shi. Nyanya yangu alituachia kasanduku, ndani kuko piesi zenye musalaba kama ule wa mukuba wa musée, na upande mwengine ndizi. Zimeandikwa KATANGA 1961. Kuko ndogo ya falanga 1 na kubwa ya falanga 5. Jirani anasema ile ya 5 ni zahabu na anataka kuinunua mbio mbio mbele ya siku ya mungu. Nifanye nini?

MutotoWaKamalondo

Dada yangu usiuzishe kitu kwa mutu mwenye haraka! Sikiliza vizuri, na bote basikilize juu hii njo piesi ya mji wetu.

Katanga, jimbo yetu hii, ilijitangaza inchi tarehe 11 mwezi wa 7 1960 na Tshombe, kiongozi wake, ikaisha mwezi wa 1 1963. Kati ya ile miaka balitoa noti zao na piesi zao, falanga 1 na falanga 5 za bronzi, zote za 1961. Musalaba ule balikamata ku misalaba ya mukuba yenye bazee ba zamani balikuwa banamwanga mu udongo, karne nyingi mbele ya Mzungu, na bananunua nayo. Musalaba ule ulikuwa makuta, kisha ukachorwa juu ya makuta. Sijaona piesi ingine huku kwetu inayobeba makuta ya zamani ya watu wake hivi, na siasa yoyote utakayokuwa nayo juu ya Tshombe haigeuze ile.

Sasa zahabu. Ni kweli falanga 5 ya zahabu iliko, sura ni ileile ya bronzi, njo maana watu banadanganyana. Balizichapa 20 000 tu. Lakini mizani haidanganye: ya zahabu iko na uzito wa gramu 13.33, ya bronzi ni karibu nusu ya ile, na upana wake unafanana. Sumaku haitakusaidia hapa juu bronzi na zahabu zote hazishikwe. Enda kwa mutu wa mizani, simama pale, tazama namba wewe mwenyewe, usimuachie mutu piesi mu mkono akaenda nayo nyuma ya pazia. Na usisugue kuona kama ni njano chini!

BintiYaKenya_Lshi

Nimetoka kwa mutu wa mizani. Falanga 5 inasoma gramu 6 na nusu. Ile ndogo hakuipima.

MutotoWaKamalondo

Basi ni bronzi, dada. Jirani umwambie asante. Bei yake si kubwa ku intaneti, lakini huku L'shi zinapungua kila mwaka juu watu banaziyeyusha ama bazitoboa tundu kufanya mkufu. Usitoboe. Tia kila moja mu bahasha yake, andika jina ya nyanya na komini, hii ni ya kwenu.

Mchapo_Kigoma

Binti kama kuna ya falanga 1 mbili nakuomba tubadilishane, nitakupa 500 ya Karume mpya kabisa na 1000 ya Uganda.

BintiYaKenya_Lshi

Ziko tatu. Lakini naomba pia ile ya Kenya ya twiga, mutoto wangu ameisoma hapa na anaililia.

Mchapo_Kigoma

Ya twiga ninayo, na ya tembo pia. Tumekubaliana. Nitazituma na mtu anayevuka Kalemie, atazileta mpaka L'shi.

Shofere_wa_Kopa

Na mimi naondoka Jumatatu kushuka. Mwenye kutaka randi 5 ya nyangumi ama randi 2 za haki, aandike hapa chini mbele ya Jumapili jioni, aseme na luga anayotafuta. MutotoWaKamalondo wewe niwekee kwacha 2 na kwacha 5 mpya, mbili mbili, na usiziguse na vidole.